Kamera ya Spektra na Leza ya Mkononi: Tathmini ya Huduma ya Kutambua Kemikali Ghalani, Mwanza

Huduma ninayoitathmini hapa ni ya kukodi. Kampuni binafsi huleta ghalani au mtamboni kwako vifaa viwili vya kutambua kemikali, pamoja na mafundi wa kuviendesha, na kazi ikiisha hukuachia ripoti. Kifaa cha kwanza hushikwa kwa mkono mmoja na hutumia leza kwa njia ya Raman. Cha pili ni kamera ya spektra inayofungwa juu ya meza, na chini yake hupita sinia lenye sampuli. Jina la kampuni silitaji, kwa kuwa baadhi ya nitakayoyasema ni lawama, na kwa kuwa msomaji atakayekodi huduma ya aina hii kwingineko atakutana na mambo yale yale: sehemu kubwa ya ubora wake na upungufu wake inatokana na fizikia ya vifaa vyenyewe.

Ghala ninalolisimamia lipo Nyakato, na wateja wetu wakubwa ni wenye mitambo ya kuchenjua marudio ya dhahabu, yaani mchanga uliobaki baada ya uchenjuaji wa kwanza, katika mikoa ya Mwanza na Geita. Anayeijua biashara hiyo anajua pia kinachokaa katika ghala la namna hii: sianidi ya sodiamu ya kuyeyushia dhahabu, chokaa na kostiki soda za kupandisha pH (kipimo cha ukali wa tindikali au wa alkali), tindikali ya naitriki, kaboni, na kemikali nyingine ndogondogo zinazoagizwa kwa msimu. Sehemu ya nyuma tuliikuta na mizigo ya mpangaji aliyetutangulia, yaani madumu ambayo lebo zake zimefifia, viroba vilivyopasuka, na mapipa ambayo maandishi yake yameliwa na kutu. Kemikali za viwandani zinasimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani, Sura ya 182, na hakuna njia ya kuomba kibali cha kuteketeza kitu ambacho huwezi hata kukiandika jina.

Hatari yenyewe si ya makaratasi tu. Sianidi ikikutana na tindikali hutoa gesi ya haidrojeni sianidi, ambayo huchemka katika nyuzi joto 26 hivi, kiwango ambacho jua la mchana la Mwanza hukipita bila shida, na watu wengi hawana uwezo wa kuinusa harufu yake inayofananishwa na ya lozi chungu. Kwa hiyo mtu anayefungua dumu asilolijua katika ghala lenye sianidi anacheza na uhai wake na wa jirani zake. Huduma inayodai kutambua kilichomo bila kufungua ilistahili kujaribiwa, nami nilitaka kuijaribu kwa ukali kabla ya kuielekeza kwenye mizigo ile ya nyuma.

Kuhusu kifaa cha leza, maelezo mafupi yanatosha. Mwaka 1928, C. V. Raman akiwa Kolkata nchini India alionyesha kwamba mwanga ukipiga kitu, sehemu ndogo mno ya mwanga unaotawanyika hubadilika rangi kwa kadiri ya mitikisiko ya molekuli ulizozigusa. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel ya mwaka 1930. Sehemu hiyo ni ndogo kiasi cha chembe moja ya mwanga katika mamilioni, ndiyo maana uvumbuzi wake ulingoja leza na vihisi vya kisasa hadi ukawa kifaa cha kubebwa mkononi. Kifaa hupiga leza, hukusanya mwanga uliobadilika, huchora mstari wenye vilele, kisha huulinganisha mstari huo na maktaba ya maelfu ya vitu vinavyojulikana. Kikipata kinachofanana, hutaja jina. Kisipopata, husema hakikupata, na nitaeleza baadaye kwa nini jibu hilo la pili ndilo lililonifanya nikiamini.

Tulianza na vitu tunavyovijua wenyewe, tulivyovitia katika mifuko myeupe ya nailoni isiyo na maandishi na kumkabidhi fundi bila kumwambia chochote. Urea ya mbolea ilitajwa mara moja, kwa kilele chake kirefu karibu na alama ya 1,010 katika kipimo kinachotumika kwa Raman. Magadi ya sokoni yalitajwa kwa jina la wanajiolojia, trona, na soda ya kuokea mikate ikatajwa kuwa bikaboneti ya sodiamu, na hapo nilivutiwa kwa dhati, kwa sababu kilele kikuu cha soda hiyo kipo karibu na 1,045 na kilele kikuu cha naitreti ya amonia, mbolea ambayo migodini huchanganywa na mafuta kuwa baruti ya kupasulia miamba, kipo karibu na 1,043. Jicho la binadamu likitazama kilele kimoja tu litavichanganya. Kifaa hakikuvichanganya, maana kila kimoja kina vilele vyake vidogo vya pembeni, na programu huangalia mstari mzima badala ya ncha moja.

Mrututu, yaani salfeti ya shaba, ulisumbua zaidi. Rangi yake ya buluu hutokana na kufyonza mwanga mwekundu na ule ulio mbele kidogo ya wekundu, na leza ya kifaa hiki, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 785, inaangukia humo humo. Nguvu kubwa ya leza humezwa na punje na kugeuka joto badala ya kurudi na habari. Fundi alilazimika kupunguza nguvu ya leza na kurefusha muda wa kupima, kisha jibu sahihi likaja.

Chumvi ya mezani ndiyo iliyozua mjadala. Kifaa kilipima, kikarudia, kikaandika kwamba hakuna ishara ya kulinganisha. Mzee anayetunza funguo za ghala, ambaye alikuwa amesimama pembeni na mikono nyuma, hakujizuia: "Binti yangu, chombo cha bei yote hii kinashindwa na chumvi?" Fundi, ambaye kwa umri angeweza kuwa mjukuu wake, alijibu kwa adabu, "Ndiyo, mzee wangu, chumvi hakiioni kabisa, na afadhali kikiri kuliko kubuni." Ni jibu zuri na ni la kweli. Chumvi ya kawaida haina molekuli zenye vifungo vya ndani vya kutikiswa, na mpangilio wa fuwele zake hauiachii leza kitu cha kurudisha. Kifaa cha Raman kinachokutajia jina la chumvi safi kwa uhakika kingenitia wasiwasi.

Sasa nifike kwenye kostiki soda, kwa kuwa hapo ndipo ilipo lawama yangu kubwa, na ningependa kila msimamizi wa ghala aisome sehemu hii hata kama ataruka nyingine zote. Tuliweka kostiki soda kuukuu, iliyokaa katika kiroba kilichofunguka, ikiwa imeanza kulowana na kugandamana kama ilivyo desturi yake. Kifaa kikajibu kwa kujiamini: kaboneti ya sodiamu. Kwa mtu wa kawaida jibu hilo linasomeka kama magadi, kitu cha kulainishia kunde na kuoshea vyombo, ilhali kilichokuwa mbele yetu kinaweza kubabua ngozi hadi nyamani na kupofusha jicho.

Kosa halikuwa la programu peke yake. Kostiki soda hunyonya unyevu na kabonidayoksaidi kutoka hewani, hivyo sura yake ya nje hugeuka polepole kuwa kaboneti halisi, na kaboneti ina kilele kikali karibu na 1,080 ambacho hakuna kifaa cha Raman kinachoshindwa kukiona. Haidroksaidi, yaani kostiki yenyewe iliyobaki ndani, ina mtikisiko wake mkuu juu ya alama ya 3,600, na vifaa vingi vya mkononi huishia kabla hata ya kufika 3,000. Kwa hiyo kifaa kilisema kweli kuhusu ganda na kikanyamaza kuhusu kiini, na kunyamaza huko hakukuonekana popote kwenye skrini. Karatasi ya pH, inayouzwa kwa bei ya soda chache, ilionyesha mara moja kwamba kilichomo ni kikali kuliko kaboneti. Fundi alikuwa nayo mkobani lakini hakuwa ameitoa, na hilo ndilo ninalolilaumu: utaratibu wa kampuni ulipaswa kuitaka karatasi hiyo kwa kila unga mweupe unaotajwa kuwa kaboneti, tena kabla mtu hajavua glavu.

Jambo hilo hilo la mwisho wa kipimo linahusu sianidi, na ni swali la kwanza la kumuuliza yeyote anayetaka kukukodishia kifaa cha aina hii. Kifungo cha kaboni na naitrojeni katika sianidi ya sodiamu hutoa kilele karibu na 2,080, mahali ambapo vitu vingine vingi vya ghalani havina kilele chochote, hivyo kwa kifaa kinachofika huko kuitambua sianidi ngumu ni kazi rahisi mno. Lakini vipo vifaa, hasa vilivyotengenezwa kwa ajili ya kukagua dawa za kulevya na dawa za hospitali, ambavyo huishia chini ya 2,000. Kifaa cha namna hiyo kikipelekwa kwenye mitambo ya marudio kitakuwa kipofu kwa kemikali ile ile iliyokufanya ukikodi. Chetu kilifika, na vipande vyetu vya sianidi vilitajwa kupitia mfuko wa nailoni kabla fundi hajamaliza kutuelekeza tusogee.

Naongeza kwamba mafanikio hayo ni ya sianidi ngumu tu. Maji ya kwenye vati, yaani tangi la kulowekea marudio, yana sianidi iliyochanganywa kwa kiasi kidogo sana kisichofikiwa na leza ya mkononi, na asiwepo mtu wa kukuuzia huduma hii kwa kupimia nguvu ya vati. Kazi hiyo inaendelea kufanywa vizuri na silva naitreti kwa tone, kama mafundi wa mitambo wanavyoifanya kila siku.

Ahadi ya kupima bila kufungua ilitimia nusu. Kupitia chupa ya kioo na mfuko mwembamba wa nailoni, kifaa kilifanya kazi vizuri, na maji hayakukisumbua, kwa sababu maji yenyewe hutawanya mwanga wa Raman kwa unyonge. Kupitia dumu jeupe zito la plastiki, kilichotajwa kilikuwa ni polithini, yaani dumu lenyewe. Kupitia pipa la chuma, hakuna kitu, wala hakuna leza itakayoweza. Kwa madumu meupe ipo njia iliyobuniwa nchini Uingereza katikati ya miaka ya 2000 na Pavel Matousek na wenzake katika Maabara ya Rutherford Appleton, ambapo mwanga hupokelewa pembeni kidogo ya mahali leza inapopiga, ili kilichorudi kutoka ndani kitenganishwe na kilichorudi kutoka kwenye ganda. Kufikia mwaka 2014 vifaa vya njia hiyo vilikuwa vikikagua chupa za vimiminika katika viwanja vya ndege vya Ulaya. Kampuni iliyotuhudumia haikuwa na kifaa cha njia hiyo. Kwa ghala ambalo nusu ya mizigo yake ipo kwenye madumu, huo ni upungufu mkubwa, nao ungepaswa kusemwa wakati wa mapatano ya bei.

Kamera ya spektra ni habari nyingine, na kwa maoni yangu ndiyo inayoifanya huduma hii istahili kulipiwa. Kamera ya simu huona rangi tatu kwa kila nukta ya picha. Kamera hii huona mamia, zote zikiwa katika mwanga usioonekana kwa macho, kuanzia nanomita 900 hadi 1,700, katika eneo la infraredi ambayo William Herschel aliigundua mwaka 1800 kwa kipimajoto na mche wa kioo unaotenganisha rangi za mwanga. Kila kemikali hufyonza baadhi ya sehemu za mwanga huo na kurudisha nyingine, kwa hiyo kila nukta ya picha inakuja na mstari wake, na kompyuta huzipaka rangi moja nukta zote zenye mistari inayofanana. Setilaiti zinazofuatilia magugu maji katika Ziwa Victoria hutumia kanuni ya namna hiyo kutoka juu. Hapa kinachotazamwa ni unga juu ya sinia jeusi.

Kuiandaa kulichukua muda mrefu kuliko kuitumia. Taa za halojeni ziliachwa zipate moto hadi mwanga wake utulie, kisha kigae cheupe cha rejea kikapitishwa chini ya kamera ili mashine ijue weupe kamili ni upi, halafu lenzi ikafunikwa ili ijue giza ni lipi. Umeme wetu siku hiyo ulikuwa ukipanda na kushuka, na kwa kuwa kamera husoma sinia mstari baada ya mstari, kila taa ilipofifia picha iliachwa na mchirizi mweusi wa kuikata upande hadi upande. Fundi wa pili aliitazama michirizi hiyo, akatikisa kichwa, akahamishia taa kwenye betri zao wenyewe, akaanza upya na kigae cheupe. Ninawapa alama kwa hilo; angeweza kuilainisha picha kwa programu na mimi nisijue.

Tulichompa ni unga uliofagiwa sakafuni, mahali ambapo viroba kadhaa vilikuwa vimepasuka kwa pamoja. Kwa macho ulikuwa weupe mmoja uliochanganyika na vumbi. Aliutandaza mwembamba, akaupitisha, na kwenye skrini sinia likajitokeza likiwa na maeneo matatu. Chokaa iliyokwisha kukutana na maji ilijionyesha kwa mfyonzo wake mwembamba na mkali karibu na nanomita 1,410, nayo ilitapakaa karibu kila mahali. Urea ilikuwa katika vipunje vilivyotawanyika, ikifyonza karibu na 1,500. Kisha vikabaki vipunje vichache ambavyo kamera ilivipaka kijivu, maana yake havikufyonza chochote katika eneo lote inaloliona.

Mtu asiyejua angevidharau vile vya kijivu, na kumbe ndivyo vilivyokuwa na habari yote. Kamera ya eneo hili huona vizuri vifungo vya haidrojeni, vile vya maji, vya amonia na vya mafuta. Chumvi kavu isiyo na haidrojeni haina cha kuionyesha, na sianidi ya sodiamu ni mojawapo, sawa na chumvi ya mezani. Fundi alichukua kifaa cha leza, akakielekeza kwenye punje moja ya kijivu baada ya nyingine akiifuata picha. Baadhi hazikutoa ishara yoyote. Moja ikatoa kilele karibu na 2,080, na mazungumzo ghalani yakakoma hadi barakoa zote zilipokaguliwa upya. Leza peke yake, ikipigwa popote juu ya unga ule, ingekutana na chokaa na urea na kutaja majina hayo, kwa kuwa doa lake halizidi upana wa punje chache. Kamera peke yake isingeweza kuitaja sianidi hata kidogo. Picha ilisema pa kutazama, leza ikasema ni nini. Anayekodi kimoja bila kingine ili kupunguza gharama anakodi nusu ya jibu, na nadhani kampuni inakosea kuvitoza bei kila kimoja kivyake kana kwamba ni huduma mbili.

Hata hivyo, kamera huona uso wa juu tu. Fundi alilitikisa sinia na kulipitisha tena mara kadhaa ili punje zilizofichika zipande, na kila mara ramani ya rangi ilibadilika kidogo. Kwa kiroba kizima cha unga, hitimisho la aina hii linategemea ulivyochota sampuli kuliko lenzi yoyote.

Vitu vyeusi vinavishinda vifaa vyote viwili. Kaboni ya mitambo humeza mwanga wote wa kamera, na chini ya leza hupata joto la haraka linaloweza kuiwasha. Ndiyo maana kwa unga wowote mweusi au wa rangi iliyoiva, hasa unaoshukiwa kuwa baruti, fundi mwaminifu hataupiga leza kwa nguvu kamili wala hatasimama karibu. Vifaa vizuri vina kitufe cha kuchelewesha, kikakuacha urudi nyuma kabla hakijapiga. Leza yenyewe ni ya daraja la 3B, ambayo inatosha kuharibu jicho hata kwa mwanga unaorudi kutoka kwenye chupa, na hapa nilipaswa kuomba miwani ya wafanyakazi wangu, kwa kuwa waliyokuja nayo ilikuwa ya mafundi tu.

Lilikuwepo dumu moja dogo la kioo lenye kimiminika cha rangi ya chai ya rangi. Leza ilipokipiga, kiling'aa chenyewe kwa mwanga mpana uliofunika vilele vyote, tatizo linalojulikana sana kwa mafuta machafu, rangi, na viuatilifu vingi vya kibiashara. Leza ya nanomita 1,064 hupunguza mng'ao huo kwa kiasi kikubwa, ingawa mwanga wa Raman unaorudi huwa dhaifu zaidi ya mara tatu kuliko wa 785, kwa hiyo upimaji huchukua muda mrefu. Nayo hawakuwa nayo. Dumu hilo liliandikwa halikutambulika, likawekwa katika chombo cha pili chenye mchanga, na njia yake ni maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, Kanda ya Ziwa, ambako kuna mbinu za kutenganisha mchanganyiko kabla ya kuutambua. Ni vyema ieleweke pia kwamba hata yale yaliyotambulika kwa vifaa hivi ni uchunguzi wa awali. Shaurini, na kwenye kibali, kinachohesabika ni hati ya Mkemia Mkuu.

Wachimbaji wadogo waliokuwa wakipita kuchukua chokaa waliuliza kama kifaa kinaona zebaki. Hakioni. Zebaki ni metali, haina molekuli ya kutikiswa, na leza hurudi kutoka kwake kama inavyorudi kutoka kwenye kioo cha kujitazamia. Metali zinahitaji mashine za eksirei, za aina ambayo wanunuzi wa dhahabu hutumia kupimia usafi, na mvuke wa zebaki una vipimo vyake maalumu. Kwa eneo letu, ambako zebaki ingali ikitumika licha ya Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ulioanza kutumika mwaka 2017, huduma inayojitangaza kuwa inatambua kemikali hatari bila kusema kwamba zebaki haimo inapotosha. Tangazo lao halikusema.

Bei ya siku ilikaribia mshahara wa mwezi wa mtunza ghala, ukiondoa nauli na malazi ya mafundi. Ukizingatia kwamba kifaa cha leza pekee hununuliwa kwa makumi ya maelfu ya dola za Marekani, na kwamba maktaba yake hudai kulipiwa maboresho, sioni ghala la ukubwa wetu likinunua. Mafundi walikuwa wasikivu, walifika kwa wakati, na walijua kusema hapana.

Ripoti iliandikwa kwa Kiingereza kitupu, ilhali wanaoishika kila siku ni watunza ghala, madereva na walinzi. Tuliomba jedwali la majina, hatari na namna ya kuhifadhi liandikwe kwa Kiswahili, nao walilileta baadaye, likiwa limeandikwa vizuri. Kwenye safu ya ulinganifu kulikuwa na namba kama 0.93, na tayari mtu mmoja ofisini alikuwa ameshaisoma kama uhakika wa asilimia 93. Sivyo ilivyo. Namba hiyo hupima jinsi mstari uliopimwa unavyofanana na mstari wa maktaba, na kostiki soda yetu iliyotajwa kuwa kaboneti ilikuwa na namba nzuri kuliko vitu kadhaa vilivyotajwa kwa usahihi.

Jambo la mwisho la kudai kabla ya kutia saini ni mafaili ya spektra zenyewe. Kwetu yalikuja kwanza majina na picha za rangi pekee, na tulisisitiza hadi tukapewa mistari yote kama ilivyopimwa, pamoja na ile ya vipunje vya kijivu ambavyo havikutoa ishara. Maktaba hukua kila mwaka, na mkemia mwingine mwenye programu nyingine anaweza kuisoma mistari hiyo upya bila mtu yeyote kulirudia dumu lile, kulifungua, wala kulisogelea.